Kaka Alipomhoji Mfiwa

Kampuni binafsi za bima zilipoanza kuruhusiwa, kaka yangu alienda Dar es Salaam kujifunza hesabu za bima, zile za kukadiria watu wataishi muda gani. Likizo moja alirudi kijijini kwetu Mkunya na mwalimu wake, mama mmoja mtaratibu. Mwalimu alisema hesabu kaka anaziweza, kuongea na watu ndiyo bado. Kwa hiyo angemsikiliza akizungumza na mama yetu mdogo, aliyemchagua yeye mwenyewe, ndipo aamue kama anafaa kukutana na wateja.

Tulipofika kwa mama mdogo nilikaa pembeni, kawaida yangu. Sikumwamini kaka hata kidogo na hesabu zake hizo. Aliamkia, akaketi, akauliza marehemu baba mdogo alikuwa na umri gani na aliugua nini.

Mama mdogo aliacha kubangua korosho. "Msibani hukuja, kuhani hujahani. Leo unamuulizia mume wangu aliugua nini. Nani kakutuma, mwanangu?"

"Ni kazi tu, mama mdogo."

"Kazi ya kuhesabu wafu. Na mimi umenipangia lini?"

Kaka akaanza kueleza mambo ya wastani. Mwalimu akamkatiza polepole: "Mjibu alichokuuliza."

Kaka akainama. "Sijui, mama mdogo. Hakuna hesabu ya kujua hilo. Na pole kwa msiba."

"Pole nimeipokea. Maswali yako kaa nayo."

Njiani mwalimu alimwambia hayuko tayari bado. Nikamwonea kaka huruma. Nikaanza kumshuku mwalimu: huenda habari za msiba wetu alizijua, ndiyo maana akaichagua nyumba ile makusudi, ili kumpima.