Fuseina na Wageni wa Mfuko wa Masomo

Kwa kabila la Wadagomba, kaka akikupa binti yake umlee, amekupa na kauli juu yake. Ndiyo maana wageni wa mfuko wa masomo, wanaowalipia vijana karo, walipofika kwa Napari kuuliza kama binti yake Tiyumba aende chuo kikuu, baba mtu aliwaelekeza kwa dada yake Fuseina, mtengeneza mafuta ya shea, yale yanayotokana na kokwa za mti, aliyemlea binti huyo tangu ana miaka minne. Fuseina akaifikiria nyumba bila Tiyumba, akasema, "Mwenyewe hataki. Ana mchumba." Mchumba gani? Hakuna aliyekuwa amebisha hodi kuposa. Nafasi ikaenda kijiji cha pili, naye Fuseina akamwambia binti kwamba hakuchaguliwa.

Mwaka mzima uongo huo ulimsumbua. Aliona haya kila Tiyumba alipomtengea maji ya kuoga, na zaidi alipomsikia akiwaambia wenzake kwamba kumbe yeye kichwa chake ni kizito. Kizito wapi, na ndiye aliyeongoza wilaya nzima katika mtihani.

Sasa wageni walikuwa wanarudi kesho, na Tiyumba hakutaka hata kuandikisha jina. Shangazi na binti walikuwa wameinamia beseni moja, wakikoroga shea kwa mikono mpaka iwe nyeupe.

"Jaribu tena, mwanangu."

"Niache, shangazi. Walishaniona, wakaniona si kitu. Nikaaibike mara ngapi?"

Fuseina angeweza kunyamaza tu. Binti angebaki naye, wala mtu asingejua. Wazo hilo lilikuwa tamu, lakini akamtazama binti, akalikataa.

"Hawakukukataa," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia hutaki. Niliogopa kubaki peke yangu."

Mkono wa Tiyumba ukasimama ndani ya beseni. Shea ikiachwa katikati huharibika, lakini hakuna aliyejali.

"Siku ile nililia hapahapa. Ukanishika kichwa, ukaniambia ni mapenzi ya Mungu."

"Nilisema."

"Ukamsingizia Mungu, shangazi."

Tiyumba alinawa taratibu, akaingia ndani, akatoka na vyeti vyake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nakwenda kulala kwa baba," alisema. "Kesho wageni wakija, wewe usitoke. Nitajisemea mwenyewe."