Kaburi Nililobomoa Kilimani

Mwaka ule nilibomoa kaburi la mtu nisiyemjua, mchana kweupe, nikicheka, wenzangu wakinipiga picha. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizungukazunguka kila ninaposimulia habari hii. Watu wakisikia kwamba sikujua, hunipa pole, na pole yao siitaki.

Mimi ni mtu wa Meru. Nilizaliwa mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi, Mlima Kenya umesimama mbele yako, na tangu nihamishiwe Isiolo kikazi nimetembea na kiburi cha mtu aliyelelewa na mlima. Nyumba yangu iko mtaa wa Kiwanjani, ofisi iko mjini, na katikati hakuna mwinuko hata wa kumchosha kuku. Daktari aliponiambia kwamba sukari imepanda, na kwamba nisipotembea nitatembezwa, nilianzisha kikundi cha ofisini cha kupanda vilima siku za Jumamosi. Tulianza na vidogo tukaendelea na vikubwa, na kila tulipofika kileleni tulipiga picha tukazituma kwenye grupu. Nilikuwa kiongozi, na uongozi ule niliupenda kuliko nilivyopenda kutembea.

Kilima chenyewe kiko upande wa Leparua. Nilipokiona mara ya kwanza nilimwambia dereva wetu kwamba kitu kama kile kwetu tungekipanda mahindi mpaka juu na kukiita shamba. Dereva alicheka kidogo, kwa adabu. Ni Mturkana, mzaliwa wa Isiolo, wa rika langu, mtu wa kanisa asiye na maneno mengi. Goti lake la kushoto liliharibika zamani katika ajali ya lori, kwa hiyo sisi tulikuwa tukipanda na yeye akibaki chini na gari.

Ilikuwa Februari. Nyasi zilikuwa zimekauka hadi zikawa nyeupe, na vumbi lilitufuata hata pale ambapo hapakuwa na njia. Kabla ya kilele, kilima kile kina bega, mahali tambarare penye migunga miwili, na chini ya migunga hiyo tulikuta rundo kubwa la mawe. Juu yake kulikuwa na matawi makavu, nami nikafikiri upepo ndio uliyaangusha. Kilele chenyewe kilikuwa mwamba mtupu. Sasa, milima yote niliyowahi kupanda ina mnara wa mawe juu, mahali pa kusimama ili mtu aonekane amefika. Hiki hakikuwa nao. Nikawaambia wenzangu, "Basi tuwajengee."

Tulikuwa tisa. Tulijipanga kutoka begani hadi kileleni, na mawe yakapita mkono kwa mkono kama matofali siku ya harambee ya kujenga kanisa. Kwa muda wa saa moja hivi tukawa na mnara ulionifika kifuani. Pale begani lilibaki jiwe moja bapa, jekundu, ambalo hakuna aliyetaka kulibeba. Nililisukuma kwa mguu hadi ukingoni, likaanguka bondeni, likagonga, likagonga tena, nasi tukapiga makofi.

Dereva aliuona mnara akiwa kule chini. Tuliposhuka tulimkuta amesimama nje ya gari, kofia mkononi.

"Mkubwa, hiyo mawe mmetoa wapi?"

"Pale begani. Kulikuwa na rundo tu, halina kazi."

"Sawa," akasema, akatufungulia milango.

Aliendesha polepole kuliko kawaida hadi mjini, nami nikadhani amechoka kutungoja. Jumatatu alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango na kukataa kiti.

"Mkubwa, hiyo ni kaburi ya baba yangu."

Alinieleza akiwa amesimama vile vile. Kulikuwa na ukame, yeye akiwa bado ananyonya, na baba yake akawapandisha ng'ombe kilimani kutafuta nyasi. Aliugua hukohuko juu. Wenzake hawakuweza kumshusha, wakamzika alipofia na kumfunika kwa mawe ili fisi wasimfikie. Tangu hapo kila mvua mama yake alikuwa akipanda na jiwe alilolitoa chini, pamoja na tawi bichi. Watu wa mifugo wa huku hufanya hivyo hata kwa kaburi la mtu wasiyemjua, wakipita huongeza jiwe au jani. Rundo lile lilikuwa limeota kwa mikono ya watu, mmoja mmoja, miaka na miaka. Kwetu tunazika shambani, tunaweka msalaba na saruji, na rundo la mawe ni kitu ambacho mkulima hukiondoa ili apate kulima. Nilipita pale na macho ya kwetu.

"Mama magoti imekataa," akasema. "Ni miaka mbili hajapanda. Kila mvua ananiuliza kama mzee yuko sawa. Mimi nauliza wachungaji, wananiambia iko sawa, namwambia iko sawa. Sasa mvua inakuja. Nitamwambia nini? Huyo mama hajawahi kusikia uongo kwa mdomo yangu."

Angenitukana, ningejua pa kushika. Nilimwambia nitayarudisha mawe yote mimi mwenyewe, ndipo ampe mama yake jibu la kweli. Wale wenzangu wanane sikuwaambia. Nilifikiri ni kwa heshima ya familia ile, lakini ukweli ni kwamba niliona aibu, na kiongozi aliyeumbuka hapendi kuwaita watu waje wamtazame.

Nilipanda mara ya kwanza Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, na kilima nilichokidharau kilikuwa na nyasi za kunifika magotini na utelezi kila nilipokanyaga. Nilianguka mara mbili kabla hata sijagusa jiwe. Kupandisha mawe watu tisa ni mchezo, kuyashusha mtu mmoja mwenye sukari ni jambo lingine kabisa. Nililikumbatia jiwe kifuani, nikashuka kinyumenyume, nikaliweka, nikapanda tena. Siku hiyo nilishusha kumi na manne, nikashika tama chini ya mgunga. Mnara kule juu haukuonekana kupungua.

Nilirudi Mei, nikarudi Juni. Mwezi wa saba ukaleta upepo ule wa Isiolo unaovuma kutwa bila kupumzika, na kule juu ulikuwa na baridi ambayo sikuitegemea. Lakini asubuhi zilikuwa safi. Nikiwa na jiwe mikononi niliuona Mlima Kenya upande wa kusini, theluji kidogo juu yake, na nikahesabu ni mara ngapi nimewaambia watu kwamba mimi ni mtoto wa mlima. Nilijisikia mdogo. Dereva alikuwa akinipeleka kwa gari lake bovu na kunisubiri chini. Hakuwahi kuniuliza nimeshusha mangapi, ila kila niliposhuka alikuwa na chai ya moto kwenye chupa, na alinimiminia mimi kwanza. Ile chai ilinichoma roho kuliko hasira yoyote.

Alikuwa amekoma kwenda kwa mama yake Jumapili. Aliniambia siku moja tukiwa njiani. "Nikienda ataniuliza. Nisipoenda ataniuliza zaidi." Mama alikuwa anadhoofika, na sisi wawili tulikuwa tunamficha jambo moja ambalo lilikuwa haki yake kulijua.

Oktoba nilimaliza. Kilele kilibaki mwamba mtupu kama kilivyoumbwa, na rundo likasimama tena chini ya migunga, ingawa mkono wangu ulionekana wazi katika upangaji wake. Nilikuwa nimelipanga kwa mistari, kama mtu anayejenga ukuta. Kisha nikashuka bondeni kutafuta lile jiwe jekundu. Nilizunguka katika miiba hadi saa saba mchana, nikapata vipande vitatu.

Siku ileile dereva alinipeleka kwa mama yake. Alikuwa amemweleza kila kitu asubuhi, kabla ya kuja kunichukua. Tulimkuta ameketi kivulini kando ya nyumba, mwanamke mwembamba, shanga shingoni, rozari juu ya shanga. Nilimsalimu "Ejok," naye akaitikia "Ejok," akanitazama mikono kabla ya uso.

"Wewe ndio ile mtu ya mawe."

"Ndiyo mimi, mama. Nisamehe."

"Kaa chini. Imerudi yote?"

Nilimwambia yamerudi yote isipokuwa moja, bapa, jekundu, kwamba nililisukuma kwa mguu na limevunjika. Nilimwonyesha vile vipande. Hakuvipokea.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Ya kwanza. Nilibeba kwa mgongo, na huyu nimemfunga kwa kifua." Akamnyooshea mwanawe kidole. Dereva alikuwa anatazama chini.

Nilitaka ardhi inimeze. Niliweka vile vipande miguuni pake, sikujua pengine pa kuviweka. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Umepanda mara ngapi?"

"Mara saba, mama, mbali na ile siku ya kwanza."

"Na ulimwambia nini?"

"Nani, mama?"

"Mwenye nyumba."

Nikasema sikumwambia kitu. Akatikisa kichwa polepole, na hapo ndipo nilipoona kwamba ameumia kweli.

"Mtoto ya Meru. Mara saba unaingia kwa mtu, unashika vitu yake, unapanga vile wewe unataka, hata hodi husemi? Mawe ni mawe, itavunjika. Lakini huyo ni mtu. Yuko peke yake huko juu. Nikienda nampa habari yote. Mvua, mbuzi, nani amezaa, nani amekufa. Sasa miaka mbili hajasikia kitu, halafu anasikia mtu anapumua hapo, anachukua, anarudisha, ananyamaza. Si atashtuka?"

Sijui kama nilitaka kucheka au kulia, nadhani vyote viwili. Miezi yote ile nilikuwa nimejihesabia haki kwa jasho langu. Nilimwambia nitarudi kilimani nimsalimu mzee. Akasema niende na jiwe, nalo lichukuliwe chini, lisiokotwe hukohuko juu, maana jiwe la juu halijabebwa na mtu. Halafu akanipa habari za kupeleka, moja baada ya nyingine, na kila niliposahau aliniambia nirudie. Mwishoni akasema, "Mwambie magoti. Asifikiri nimemwacha."

Mvua ya Novemba ilikuja na nikapanda chini yake, na jiwe nililolitoa lagani, korongo la mto wa msimu chini ya kilima, likinipiga mgongoni ndani ya mkoba. Nilipofika begani nilijiona mjinga. Mimi ni mzee wa kanisa, nina cheti cha chuo, na nimesimama kwenye mvua nikiliambia rundo la mawe "hodi". Nilisema mara mbili, ya pili kwa sauti. Nilitaja mimi ni nani na nimefanya nini. Nikampa habari za mbuzi, za mjukuu aliyepata kazi Rapsu kwenye mashamba ya kumwagilia, za magoti ya mkewe. Kabla ya kuondoka niliyavuruga mawe niliyoyapanga kwa mistari, yakakaa ovyo kidogo, vile yalivyokuwa. Nilishuka nikiwa nimelowa chapachapa, nikaenda kumwambia mama kwamba ujumbe umefika. Aliuliza, "Ulisema na hiyo ya magoti?" Nikasema ndiyo. Akafumba macho, akasema vizuri.

Jumapili zilizofuata dereva alikuwa akienda kwa mama yake tena, na mara nyingine alinichukua. Mama alipenda kunichokoza kwamba Wameru tunajua kupanda kila kitu isipokuwa kilima. Januari alianza kukataa chakula. Alifariki Machi, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika upande wa Nyambene. Tulimzika katika makaburi ya mjini, kwa ibada ya kanisa, na nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Kilimani hakuna ambaye angemfikisha, na hata yeye mwenyewe alikuwa amesema asisumbuliwe mtu.

Tulipotoka makaburini dereva alinishika kiwiko, akanivuta kando ya watu.

"Mkubwa," akasema, "baba hajui."

Alitazama goti lake, akanitazama mimi.

Nilipanda kilimani kwenye mvua ya kwanza ya Aprili, peke yangu, na jiwe pamoja na tawi bichi. Kazini, kwa kuwa ni mkubwa wa ofisi, nimepeleka habari za msiba kwa watu wengi, ninajua jinsi ya kukaa, jinsi ya kumwomba mtu akae. Hapa sikujua. Nilibisha hodi. Nilisema ni mimi, yule wa mawe. Nilianza na mvua, kwamba imeanza vizuri. Nikasema mbuzi wamezaa, na mwanawe hajambo, goti ni lilelile. Nikarudia ya mvua. Nilikuwa nazunguka kama mgeni anayeogopa kusema kilichomleta, na maji yalikuwa yananitiririka usoni, mengine ya mvua.

Kisha nilipiga magoti kwenye tope, nikaliweka jiwe, nikaliwekea mkono juu.

"Mzee," nikasema, "mama hatakuja tena. Atakayekuwa anakuja ni mimi."