Shikamoo Tatu Kutoka Maskati

Dada yangu aliolewa Maskati na mwanamme ambaye baba hakumridhia, na kwa miaka minne yeye na baba hawakusemezana. Siku nilipomshawishi baba akubali kupigiwa simu ya mtandao, nilijiona hodari. Nilikwenda kwake Kizimbani, nikamkalisha barazani, nikamshikisha simu yangu na kuifungua sauti mpaka mwisho.

Kwetu mdogo ndiye anayeanza kuamkia. Baba akangoja. Simu kimya. Akangoja tena, uso ukamvimba, akasema, "Hata shikamoo huna?" Hapo ndipo ilipokuja: "Shikamoo, baba." Akakemea tena, ikaja nyengine. Akakemea mara ya tatu, ikaja ya tatu, na kila moja ilisikika kama imekamuliwa kwa nguvu. Baba akanirudishia simu bila ya kuitika hata moja, akaingia ndani.

Nilimlaumu dada. Nilimwandikia maneno ambayo mpaka leo yananichoma: miaka yote hiyo, na bado kiburi hakijakutoka!

Mwezi uliofuata, hoteli ninayofanyia kazi Mji Mkongwe ilifungiwa simu za mtandao, na fundi akatukalisha sisi wa mapokezi kutufunza istilahi zake. Mwangwi ni sauti yako kukurudia mwenyewe. Upotevu ni vipande vya sauti kudondoka njiani, maana simu hizi huikata sauti vipande vipande na kuiunga upande wa pili. Ucheleweshaji ni muda baina ya mmoja kusema na mwengine kusikia. Ukifika sekunde mbili tatu, alisema, watu huanza kugombana bila ya sababu. Wenzangu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilimwandikia dada palepale nyuma ya kaunta, nikamwomba radhi na kumweleza kwamba shikamoo zake zilichelewa njiani, baba akadhani hataki kumwamkia. Akajibu kwamba amelia kwa furaha. Kumbe baba hakumkataa, ni mtandao tu.

Ijumaa nikaenda Kizimbani mbio mbio. Baba alikuwa akianika karafuu. Nikachutama kando yake, nikamfafanulia vipande na sekunde, huku mikono yangu ikienda na kurudi hewani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, naye akiendelea kuzitandaza karafuu juu ya jamvi.

"Nshakufahamu," akasema. "Lakini miye n'lizisikia zote tatu. Sikutaka kuitika."

Nilimchukia siku ile, baba yangu mwenyewe, na sioni haya kuliandika hilo.

Dada sijamwambia. Kila wiki ananiuliza kama mtandao wa Kizimbani umetengemaa ili apige tena. Anasema anafanya mazoezi: atatoa shikamoo, anyamaze, ahesabu mpaka tano, aingoje marahaba. Nami humjibu kwamba mafundi bado hawajaja kuutengeneza mnara.