Kidole Kilichopiga Yowe

Kibanzi kiliingia kando ya ukucha wa kidole changu cha shahada nilipokuwa nikisimamisha upya kigingi kilichong'olewa na maji katika shamba letu la mwani. Nilichomoa kilichoonekana, nikatia kidole baharini kama tufanyavyo sote, maana tumelelewa tukiambiwa chumvi hukausha donda, nikaendelea kufunga mbegu, vile vipande vya mwani, kwenye kamba. Mafundo yangu hulingana. Mama mdogo husema kamba zangu zimepigwa rula, na hasemi kwa kunisifu.

Kesho yake kidole kilikuwa kimevimba na kung'aa, kina joto kama kiazi kilichotoka jivuni. Niliposali, katika attahiyatu hakikunyooka. Mama alikitazama muda mrefu.

"Bamvua inakuja," alisema. "Maji yakitoka mbali, nani atafunga mbegu?"

Kazi hiyo ni yangu. Mama macho yake hayaoni tena fundo dogo, na mama mdogo ana shamba lake.

Niseme ukweli: niyajuayo kuhusu mwili nimeyaokota simuni, vipande vipande, na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, naogopa kila mara kwamba nimeelewa kinyume. Nilikuwa nimesoma kwamba chini ya ngozi kuna seli zinazokaa zikisubiri. Hazijui jina la kijidudu chochote. Zinajua tu kwamba vijidudu vimejengwa kwa vitu ambavyo mwili wetu haujengwi navyo. Zikigusa kitu cha namna hiyo, zinatoa kemikali za kuitia msaada. Mishipa midogo inatanuka na kuvuja, na seli nyingine zinamiminika kutoka kwenye damu, zinameza wageni, nyingi zinafia palepale. Usaha ni pamoja na maiti zao.

Niliyajua yote hayo, na bado nilikiminya kidole. Nikakisugua kwa sabuni ya kufulia, nikakiminya tena. Nilitaka kiwe safi upesi. Siwezi kuvumilia kitu kilichochafuka huku nikiambiwa kinajitengeneza.

Mchana homa ikanilaza mkekani. Mwanga ulipenya kwenye makuti ukatambaa juu ya miguu yangu, na nikawa niko tena siku ile jiko la mama mdogo liliposhika moto. Alipiga yowe moja tu. Watu wakatokea kila upande, hakuna aliyeuliza nani kawasha, wana ndoo, wana mchanga, mmoja ana sufuria yenye mchuzi wake. Moto ulikufa. Mchicha wote ulikuwa umekanyagwa, na mtungi umevunjika. Sasa niliwaona watu walewale wakiingia kidoleni mwangu, mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa mlangoni.

"Umelala?" Mama mdogo alikuwa ameketi karibu.

"Kuna watu wamekuja kuzima moto kidoleni."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Haya, daktari wa simu! Watu wanazima moto, wewe mwenye nyumba unawaminya?"

Mama hakucheka. Aligusa paji langu, kisha akafuata kwa ncha ya kidole uvimbe uliokuwa umeanza kupanda mgongo wa mkono.

"Wamezidiwa hao," alisema. "Inuka. Zahanati."

Muuguzi alipasua. Pamoja na usaha kikatoka kipande cha kibanzi, chembamba kama kapi la mpunga.

"Nani kakwambia uchovye baharini?"

"Sote tunachovya."

"Bahari nayo ina wadudu wake, binti. Na usiminye tena." Akanipa vidonge, akakifunga kidole, akanikataza kukilowesha.

Uvimbe ulirudi nyuma polepole, kama maji yanavyouacha mchanga. Bamvua ilipofika nilikaa nchi kavu, mbegu mapajani, nikifunga kwa mkono wa kushoto na meno. Hapa mafundo yalisongamana, pale yaliachana. Mama mdogo aliinua kamba juu ili kila mtu aione.

"Jamani, leo kamba imelewa!"

Mama akaichukua mikononi mwake, akaanza kuteremka nayo kwenye vigingi. Nilinyanyua mkono nimwite, nifungue, nianze upya. Ndani ya bendeji kidole kilikuwa bado na joto kidogo. Watu wangu wa ndoo walikuwa hawajatawanyika. Niliushusha mkono, nikavuta kamba nyingine.