Karanga Zilizopelekwa Kukauka

Mwalimu wetu wa kilimo alikuwa mwizi. Nasema hivyo hivyo, bila kuzungusha maneno, na miaka yote hii haijanipoza.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru bado mbichi, nasoma darasa la saba kule Uriri. Kila mwanafunzi alipewa kipande cha shamba la shule: apande, avune, kisha aandike ripoti. Mbegu zangu za karanga alinipa mama kutoka akiba yake, zile za madoa mekundu ambazo pale kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Baba hakufurahi. Alisema kipande hicho kisipoleta kitu nyumbani, basi masomo yamekwisha, nikashike jembe na mama.

Karanga zilikubali, jamani! Tulipozing'oa, mwalimu akaamuru zangu zipelekwe kwake zikauke, ati uani kwake kuna sakafu ya saruji. Baadaye akasimama darasani akatangaza kwamba zimeoza kwa sababu mimi ni mvivu, sikwenda kuzigeuza. Darasa zima likaangua kicheko. Jumamosi iliyofuata mama akazikuta sokoni, madoa mekundu yale yale, mke wa mwalimu akiziuza kwa kikombe. Mama akarudi nyumbani akaniambia; nani angegombana na mke wa mwalimu? Mimi nilichemka. Nikasema moyoni, huyu bwana atakiona cha mtema kuni.

Nilimjua vizuri: ripoti zetu alikuwa hazisomi. Alitazama mwandiko, pambizo na mchoro, akatia sahihi, basi. Nikamwandikia mwandiko mzuri hata mwenyewe nikashangaa. Nikauchora mkaranga na mizizi yake yote, pambizo nikazipiga kwa wino mwekundu. Chini ya kichwa cha "Mavuno" nikaweka ukweli wote, mpaka ule wa sokoni. Mwalimu akaandika "Safi sana", akatia sahihi, akanichagua niisome siku ya wazazi.

Siku hiyo alikuja afisa wa elimu kutoka Homa Bay. Baba alikaa nyuma, amekunja mikono. Nilisoma polepole, na nilipofika kwenye mavuno nikapaza sauti: "Karanga zangu zilipelekwa kwa mwalimu wa kilimo zikauke. Mke wake akaziuza sokoni."

Wee! Mwalimu akaruka. "Uongo! Maneno hayo sijawahi kuyaona!"

Afisa akaichukua ripoti mkononi mwangu, akafungua ukurasa wa mwisho. "Na sahihi hii ni ya nani?"

Utamu nilioupata saa ile sijaupata tena, hata siku ya harusi yangu.

Afisa alimwamuru alipe, na jioni mwalimu akaja kwetu na gunia la karanga kwenye baiskeli, karanga za dukani, si zile za mama. Baba akampa kiti. Mwalimu akanitazama mimi.

"Mwanangu, kwa nini umeniaibisha mbele za watu?"

"Na wewe, mwalimu, uliponiita mvivu, mle darasani hamkuwa na watu?"

Kwetu mtoto hakumjibu mkubwa hivyo, sembuse mwalimu. Baba akainuka. Nikajua nachapwa, na shule ndiyo imekwisha. Akaja akasimama kando yangu.

"Mwalimu," akasema, "mtoto amekuuliza. Mjibu."