Mpiga Pasi wa Gikomba na Sura ya Tisa

Saa moja asubuhi, Triza Khalayi anapuliza makaa ya pasi yake katika soko la Gikomba. Mashati ya mitumba yamerundikana mezani, yamekunjamana vibaya. "Ona hili, lilitoka kwenye furushi kama tambara la jikoni," anacheka huku akilinyoosha kola.

Chini ya meza kuna madaftari saba. Humo mna riwaya anayoiandika saa ya chakula, wenzake wakila.

Mama huyu wa miaka 39, mkazi wa Kware, hupata kama shilingi mia saba kwa siku. Riwaya yake inamhusu msichana wa Bungoma anayeukimbia umaskini na kuwapa kisogo jamaa zake. "Ni mimi, tusidanganyane," asema. "Niliona wote wananirudisha nyuma."

Desemba iliyopita aliisoma kwa sauti nyumbani kwao. Mama yake alicheka mpaka machozi. Kisha ikafika sura ya tisa, yenye kaka mlevi asiyechoka kuomba pesa. Laban, kaka yake, akaweka kikombe chini.

"Huyo ni mimi?"

Triza alijibu kwamba ni hadithi tu. Laban akatoka, na tangu hapo hakupokea simu zake.

Ukweli, jamani, ni kwamba walisoma darasa moja. Karo ya sekondari ilitosha mtoto mmoja. Laban akasema, "Triza aende," na yeye mwenyewe akaenda kukata miwa. Hayo hayakuwemo katika daftari hata moja.

"Nilijionea aibu," asema Triza, pasi imesimama hewani. "Kurasa mia tatu nikijisifu, na yeye nimemfanya mlevi! Laban hata pombe haonji."

Mchapishaji mmoja mdogo anaitaka riwaya hiyo kufikia Agosti. Triza amekataa kuikabidhi mpaka Laban akubali. Mwezi uliopita aliiandika upya sura ya tisa, akampigia picha kurasa na kumtumia. Siku ya tano, Laban akapiga simu.

"Aliulizia watoto wangu kwanza," Triza asimulia. "Halafu akasema, 'Umeandika nilikubali wewe ndiwe uende shule. Andika pia kwamba mtihani wa mwisho nilikuwa nambari moja, wewe wa sita. Na kwamba nililia.'"

Atayaandika yote. Lakini Jumamosi hii anasafiri kwanza kwenda Bungoma, akamuulize Laban alilia wapi. Siku ile Laban alipomwachia nafasi, Triza alishinda akijaribu sare mpya ya shule, na hakumwona akilia.