Hakuna Sikio Linaloitwa Sisi

Iko siku moja, mwanangu Zuhura, ambayo tangu uliponipigia simu Jumapili imekuwa ikinizunguka kama inzi kwenye bibo la mkorosho lililoiva. Nitakueleza. Lakini nianze na lile uliloniuliza wewe, maana mzee akikurupuka na hadithi kabla ya kujibu swali, vijana husema amezeeka, na hawakosei.

Uliniambia kwamba wanafunzi wako huko China, vijana wa sekondari wanaojiandaa na mtihani wao mkubwa, sarufi ya Kiingereza wanaijua pengine kukushinda wewe. Wakiona sentensi mbovu kwenye karatasi wanainyoosha upesi. Lakini sauti ikianza kutoka kwenye spika, wote wanazama. Ukiwauliza kama wameelewa, vichwa vyote vinaitikia kwa pamoja, halafu majibu wanayoandika yanakuliza. Ukanitajia binti mmoja anayekaa karibu na dirisha, anayeitikia kuliko wenzake wote na kupata chini kuliko wote, na kwamba mtihani huo ukimshinda hana pengine pa kwenda. Kisha sauti yako ikashuka. Ukasema, "Baba, labda mimi si mwalimu. Nafikiri nirudi tu nyumbani."

Sikukujibu. Tangu mama yako atutoke mwaka jana nimekuwa mzito wa kujibu mambo kwenye simu. Ndiyo maana naandika.

Kwanza, usishangae mtu kuijua lugha kwa macho asiijue kwa masikio. Tazama Kiswahili chetu. Vitabuni tunaandika "nimekwisha kula." Nani hapa Magomeni ya Mtwara umemsikia akisema hivyo? Tunasema "nishakula," tena huku tumeinuka. Mgeni aliyejifunza vitabuni atasikia kitu kimoja asichokijua, na sarufi yote aliyoibeba haitamfaa, kwa sababu aliibeba machoni. Waingereza nao ni vivyo hivyo. Maneno yao kwenye karatasi yamesimama mbalimbali kama miche ya mikorosho siku ya kupandwa. Yakitoka mdomoni ni mikorosho iliyokwisha kukua, matawi yameshikana, huoni huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi.

Hilo lina dawa, nitakupa. Lakini silo linalowazamisha wanafunzi wako. Kinachowazamisha ni kichwa kile kinachoitikia. Nakijua vizuri, maana nilikuja nacho kutoka kijijini kwetu Ziwani.

Nilipoingia sekondari hapa mjini nilikuwa mtoto mwenye adabu. Mkubwa akisema, niliitika. Jandoni kiongozi alitoa ubeti, nasi wote tukaitikia kwa sauti moja, na aliyechelewa alionekana mtu wa kichwa kigumu. Kumwambia mkubwa "sijaelewa" kulikuwa kama kumwambia hajui kusema. Ni malezi mazuri hayo, wala siyatukani. Ila kila chombo kina kazi yake, na kinu hakitekewi maji.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Mwalimu Benadi. Alikuwa Mmakua wa Masasi, mrefu, mwenye koti la kahawia ambalo hata joto la Novemba halikuweza kumvua. Mashine za kusikilizia hatukuwa nazo. Yeye alikwenda nyuma ya darasa, akatugeuzia mgongo, akasoma hadithi huku akiutazama ukuta. "Mkiuona mdomo wangu," alikuwa akisema, "mtasikiliza kwa macho."

Siku hiyo alisoma hadithi fupi, akamaliza, akauliza ukutani, "Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimuuu."

Akaja mpaka kwenye dawati langu. "Hamisi. Katika hadithi hii amekufa nani?"

Nilisimama. Sikuwa nimeelewa hata robo, lakini nilijua hadithi za Kiingereza hazikosi mfalme. "Amekufa mfalme, mwalimu."

"Hadithi hii ni ya mwanamke na mbuzi wake. Mfalme hayumo, wala hakufa mtu. Hamisi, umemuua mtu ambaye hata hajazaliwa."

Darasa liliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliinama akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza ugonjwa, "Ile ndiyo yako ilikuwa ya kuelewa au ya heshima?"

"Ya heshima, mwalimu."

"Basi kampelekee mama yako, atafurahi. Mimi inanipoteza. Ukiniitikia wakati hujaelewa, nasonga mbele nikidhani uko nyuma yangu, kumbe nimekuacha porini." Halafu akawageukia waliokuwa wakicheka. "Na ninyi. Tumeelewa, tumeelewa. Hao sisi ni akina nani? Hakuna sikio linaloitwa sisi. Kila mtu anasikia kwa lake. Kuanzia leo asiyeelewa aseme neno moja tu: rudia. Asiombe radhi, asijieleze. Aseme rudia, nami nitarudia."

Usidhani tulilikimbilia neno hilo. Tuliogopana. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tuliuficha wetu muda mrefu. Siku nilipothubutu, alikuwa akiisoma tena ile hadithi ya mwanamke na mbuzi, na sauti ilinitoka kama ya kifaranga. Mwalimu Benadi alirudia bila kukunja uso. Nikasema tena rudia, akarudia, safari hii polepole, neno kwa neno. Kisha akairudisha haraka yake ya kawaida, na ghafla nikajikuta nacheka peke yangu, kwa sababu yule mbuzi alikuwa amekula kilemba cha shehe. Mwalimu alinyoosha kidole. "Huyo amesikia," akasema. "Neno ndiyo mtu anaweza kuliigiza. Kicheko kinachokuja mahali pake hakiigizwi."

Hilo lilinifanya mwalimu, mwanangu. Nilipomaliza chuo nikapangiwa kufundisha pale pale, meza yangu ikawa karibu na yake. Nilijua tuna miaka mbele yetu. Hatukuwa nayo. Aliugua ghafla, akalazwa, na kabla hatujazoea kwenda kumtazama, akafariki.

Mkewe tulimwita Mama Agnesi. Nesi alipomwita pembeni na kumpa habari, mimi nilikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, dada, nimeelewa. Ahsante." Akakunja shuka aliyokuja nayo, tukaondoka. Nyumbani kila aliyefika alimwambia ni kazi ya Mungu, avumilie, naye akaitikia ndiyo. Aliulizia kama wageni wamekula. Aliulizia kama ming'oko, vile viazi vya porini, imetosha. Hakutoa chozi. Wanawake wakaanza kunong'ona, wengine wakimsifu ujasiri wake, wengine wakiwa na shaka nao.

Sasa, wewe unajua, ila huenda wenzako utakaowasomea karatasi hii hawajui: sisi Wamakonde na Wamakua ni watani. Katika msiba wa mtani wako hulii tu. Unavaa nguo za marehemu, unatembea mwendo wake, unamtania mbele za watu wake, ili waliolemewa wapate pa kupumulia. Ni wajibu, wala si utovu wa adabu. Msiba usio na watani kwetu ni msiba wa upweke.

Shangazi yangu, Bi Atuwene, ndiye aliyekuwa mkubwa wa watani siku ya mazishi, mwili ulipoletwa nyumbani. Alinijia na lile koti la kahawia mkononi.

"Vaa."

"Siwezi, shangazi. Huyu alikuwa mwalimu wangu."

"Ndiyo maana uvae wewe. Mimi nikivaa nitaigiza mwanamume yeyote. Wewe utamleta yeye."

Nikalivaa. Mikono ilinipita, na kola ilikuwa bado inanuka chaki. Nilichukua sahani ya bati badala ya kitabu, nikapita katikati ya waliokaa mikekani mpaka nyuma kabisa, nikawapa mgongo, nikaanza kuusomea ukuta.

"Mmakua gani huyu," nikasema kwa sauti yake, "anaondoka msimu wa panya wa kuchoma haujaisha? Haya, tutawala sisi." Watu wakaanza kucheka. "Tena mvivu. Kipindi cha kwanza kimepita, bado kalala, na kajifungia sandukuni ili mkaguzi asimwone." Wakacheka zaidi. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wengi, watu wazima wenye watoto, nao walipoitambua ile sauti wengine walicheka huku wanajipangusa macho.

Nikafunga sahani yangu kama mtu anayefunga kitabu. "Somo la leo ni fupi. Mwalimu Benadi amekufa. Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimuuu."

Iliwatoka wote bila kufikiri. Mazoea yana nguvu. Kicheko kikapanda, halafu katikati ya kicheko ikasikika sauti kutoka karibu na jeneza, wala haikuwa kubwa.

"Mimi sijaelewa."

Nilikuwa bado nautazama ukuta.

"Rudia," akasema Mama Agnesi.

Mwanangu, nilikuwa ndani ya koti la yule aliyeweka sheria kwamba anayesema rudia arudiwe. Utani ulikuwa umenitoka wote. Niligeuka. "Mwalimu Benadi amekufa, mama."

"Rudia."

Nikapita katikati ya watu, nikapiga magoti mbele ya mkeka wake. Nikasema tena, polepole, neno kwa neno, kama alivyokuwa akiturudia yeye. "Mume wako, mama. Amekufa."

Hapo ndipo alipolia. Alinishika mikono ya koti, si mikono yangu, akalia kilio kilichokuwa kimesubiri tangu hospitalini. Wanawake wote wakamfuata. Bi Atuwene alikaa nyuma yangu, akaniacha mpaka yule mama alipoliachia koti mwenyewe.

Baadaye, alipokwisha kupata nguvu, Mama Agnesi aliniambia, "Watu wote walinifundisha kuvumilia. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kama nimesikia."

Nimefundisha maisha yangu yote nikiwa na maneno hayo mfukoni, na leo nakugawia.

Darasani kwako, acha kabisa kuuliza "mmeelewa?" Swali hilo lina jibu moja tu, Mtwara na China. Muulize mmoja mmoja jambo dogo: nani kasema, yuko wapi, amekasirika au anatania. Wafundishe neno lao la kuomba kurudiwa, na uwafundishe lisiambatane na kuomba radhi. Nao hawatalitumia, kama sisi hatukulitumia, mpaka wamwone mkubwa akilitumia. Kwa hiyo anza wewe. Mwombe yule binti wa dirishani akufundishe sentensi ya Kichina mbele ya wenzake. Ikikushinda, mwambie rudia. Mwambie tena. Waache wakucheke. Siku hiyo atajua kwamba kutoelewa hakumuui mtu.

Halafu ndipo uihamishe ile sarufi. Wasikilize kwanza vitabu vikiwa vimefungwa, wakueleze kwa maneno yao walichokipata, hata kama ni robo. Wasikilize tena. Kisha wafungue karatasi, uwaonyeshe ni wapi matawi yalishikana, neno gani limemezwa na lipi limeachwa. Wafunge tena, waiseme sentensi vile walivyoisikia, si vile ilivyoandikwa, mpaka midomo yao ijue, maana sikio hulitambua upesi lile ambalo mdomo umekwisha kulipitia. Mambo machache kila siku, haba na haba. Na uwatafutie hadithi za kuchekesha. Siku yule binti atakapocheka mahali panapostahili, kabla hujamwuliza lolote, usimpe alama. Nyoosha kidole tu.

Wewe ni mwalimu, Zuhura. Asiye mwalimu asingeumizwa na mtoto mmoja wa dirishani.

Liko na lile jingine. Mama yako alipofariki, mimi ndiye niliyekupigia. Tulimzika siku ya pili yake kama dini yetu inavyotaka, nawe ukiwa mbali. Uliniambia, "Ndiyo, Baba, nimeelewa." Ukauliza kama wageni wamepata chakula. Kesho yake ukaingia darasani, na hapa mtaani watu wote wakakusifu, nami nikiwa wa kwanza. Jumapili sauti yako iliposhuka, niliisikia ya Mama Agnesi.

Kama unataka kurudi, mlango uko wazi, na chumba chako ninakifagia mwenyewe. Lakini usirudi kwa sababu umejiona hufai kufundisha. Piga simu kwanza. Piga wakati huna kipindi, ukae mahali penye utulivu, useme neno lile moja, bila kuomba radhi. Nitakueleza tangu alfajiri ile alipoomba maji, na aliyoyasema juu yako, mpaka udongo wa mwisho. Ukisema tena, nitaanza tena, polepole.

Mola akupe masikio yenye subira kwa watoto wa watu, akulainishie ulimi ukiri usichokielewa, na siku zote asikukoseshe mtu asiyechoka kurudia. Maadamu ninapumua, mtu huyo ni mimi baba yako.